Hisabati ya Mwisho: Uchambuzi wa Kozi ya Hisabati kwa Wanafunzi wa Vyuo Wasiosomea Sayansi

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi anayesomea historia, muziki, uandishi wa habari au ustawi wa jamii hatunukiwi shahada ya kwanza kabla ya kufaulu walau kozi moja ya hisabati, au kozi nyingine inayotambuliwa kuwa inafundisha kufikiri kwa kutumia namba. Takwa hilo limezaa kozi ya aina ya pekee, ambayo husomwa na umati mkubwa wa vijana ambao wengi wao wangeikwepa kama wangeruhusiwa, na ambayo kwa kawaida huitwa hisabati ya utangulizi. Jina hilo lina utata, kwa kuwa utangulizi hutangulia jambo fulani, ilhali kwa walio wengi kozi hiyo haitangulii chochote: ndiyo hisabati ya mwisho watakayofundishwa maishani mwao. Uchambuzi huu unaeleza chimbuko la kozi hiyo, sura zake kuu, maudhui yake na mijadala inayoizunguka, na unashikilia kwamba kasoro zake nyingi zinatokana na kosa moja, nalo ni kuiandaa kama hatua ya kwanza ya safari ambayo mwanafunzi hataiendeleza, badala ya kuiandaa kama hitimisho la elimu aliyoianza tangu darasa la kwanza.

Chimbuko la takwa

Kozi hii haieleweki bila kueleweka kwanza dhana ya elimu ya jumla, yaani kundi la masomo ambayo kila mwanafunzi wa chuo huyasoma bila kujali fani yake. Charles Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard kuanzia mwaka 1869 hadi 1909, alipanua sana uhuru wa wanafunzi kujichagulia masomo, na vyuo vingine vikafuata mkondo huo. Uhuru huo ulileta faida nyingi, lakini uliamsha pia wasiwasi kwamba wahitimu wa chuo kimoja wangeweza kuondoka bila kuwa na maarifa yoyote ya pamoja, na ripoti iliyotolewa na Harvard mwaka 1945 kuhusu elimu ya jumla katika jamii huru ikawa miongoni mwa maandishi yaliyoimarisha hoja kwamba raia wote wasomi wanahitaji msingi mmoja. Hisabati iliingia katika msingi huo pamoja na uandishi, historia na sayansi asilia.

Uingereza ilifikia wazo lililo karibu na hilo kwa njia nyingine. Ripoti ya Crowther ya mwaka 1959, iliyohusu elimu ya vijana wa miaka 15 hadi 18, ndiyo iliyobuni neno la Kiingereza la kutaja uwezo wa mtu kuelewa na kutumia namba, kwa kulilinganisha na neno la uwezo wa kusoma na kuandika. Kwa Kiswahili dhana hiyo inaweza kuitwa kisomo cha namba, kwa maana kwamba asiyeweza kuhoji asilimia, wastani au mchoro wa takwimu anakuwa na upofu unaofanana na wa mtu asiyejua kusoma barua aliyotumiwa.

Afrika Mashariki mpangilio ni tofauti, kwani uchaguzi wa fani hufanyika mapema zaidi. Nchini Tanzania, mwanafunzi wa kidato cha tano anayechukua tahasusi ya HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, huwa ameagana na hisabati tangu mtihani wa kidato cha nne, wakati wenzake wa tahasusi za sayansi au uchumi kama PCB, CBG na HGE husoma hisabati tumizi ya msingi, maarufu kwa kifupi cha BAM. Nchini Kenya suala hili lilizua mjadala mkubwa wakati wa maandalizi ya sekondari ya juu ya mtaala wa umilisi, ambamo wanafunzi hugawanywa katika mikondo mitatu. Mpango wa awali uliiacha hisabati kuwa ya lazima kwa mkondo wa sayansi na teknolojia tu, lakini baada ya malalamiko ya wadau, Wizara ya Elimu ilitangaza mwaka 2025 kwamba kila mwanafunzi atasoma hisabati ya namna fulani, huku walio nje ya mkondo wa sayansi wakiandaliwa hisabati muhimu iliyo tofauti na ile ya wanasayansi. Hivyo swali ambalo vyuo vya Marekani vimelishughulikia kwa miongo mingi, yaani ni hisabati gani inayomfaa asiyekuwa mwanasayansi, sasa limebisha hodi katika shule za Nairobi na Kisumu.

Sura tatu za kozi

Katika historia yake kozi hii imechukua sura kuu tatu, na kila moja imejengwa juu ya jibu tofauti kwa swali hilo. Sura ya kwanza, ambayo pia ndiyo kongwe, ni aljebra ya chuo. Humo mwanafunzi hurudia na kupanua mada za sekondari, kama vile kutatua milinganyo ya kipeo cha pili, kurahisisha semi zenye vipeo na kutumia logi. Mada hizo zilipangwa zimwandae msomaji kwa kalkulasi, yaani tawi la hisabati linalochunguza mabadiliko na mkusanyiko wa vitu vinavyobadilika, na kwa mhandisi mtarajiwa mpangilio huo una mantiki kamili. Kwa mwanafunzi wa fasihi, hata hivyo, kozi hiyo ni sawa na kujengewa ngazi isiyofika ghorofani, kwa sababu zana anazofundishwa zinapata maana yake katika somo ambalo hatalisoma.

Sura ya pili ilizuka kwa kupinga hali hiyo. Morris Kline wa New York University aliandika vitabu katika miaka ya 1950 na 1960 vilivyoieleza hisabati kama sehemu ya utamaduni wa binadamu, iliyofungamana na uchoraji, falsafa, unajimu na muziki. Mwaka 1988 kikatoka kitabu cha kiada kilichoandaliwa chini ya uongozi wa Solomon Garfunkel, pamoja na vipindi vya televisheni, ambacho kilikusanya matumizi ya kisasa: kupanga njia za magari ya kuzoa taka, kuhesabu kura, kugawa mali kwa haki na kulinda siri za mawasiliano. Kozi za namna hii huwa mkusanyo wa mada zisizotegemeana sana, jambo linalompa nafuu mwanafunzi aliyekwama katika mada moja, kwani anaweza kuanza upya katika mada inayofuata. Udhaifu wake ni kwamba mkusanyo usio na uzi wa kuunganisha unaweza kugeuka maonyesho, ambapo mwanafunzi hupita akitazama vitu vya kupendeza bila kujifunza kufanya lolote kwa mikono yake.

Sura ya tatu ni ile ya takwimu na kisomo cha namba, ambayo haiulizi ni mada gani za hisabati zinazopendeza bali ni maamuzi gani yanamsubiri mhitimu. Mwaka 1988 John Allen Paulos alichapisha kitabu kuhusu madhara ya kutoelewa namba katika maisha ya umma, na mwaka 2001 kikatoka kitabu kilichohaririwa na Lynn Steen, kilichounganisha moja kwa moja kisomo cha namba na demokrasia. Kutokana na fikra hizo zimezaliwa kozi zinazoshughulikia mikopo, bima, kura za maoni, vipimo vya hospitali na matokeo ya utafiti yanayotangazwa magazetini.

Maudhui yanayostahili kubaki

Thamani ya kozi haiwezi kupimwa kwa kutaja mada peke yake, kwa hiyo inafaa kuchunguza mifano michache kwa undani ili ionekane ni fikra gani hasa zinazofundishwa.

Mfano wa kwanza ni mkopo. Mtu anakopa shilingi 1,200,000 kwa mwaka mmoja na kuambiwa kwamba riba ni asilimia 24, inayokokotolewa juu ya mkopo wote wa awali. Riba inakuwa shilingi 288,000, na marejesho ya kila mwezi ni shilingi 124,000. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini inaficha jambo kubwa: mkopaji hakai na shilingi 1,200,000 mwaka mzima, kwa sababu kila mwezi anarudisha sehemu ya mtaji, hata deni lililobaki mikononi mwake kwa wastani likawa takriban nusu ya mkopo. Riba hiyohiyo ikikokotolewa juu ya salio linalopungua, yaani juu ya deni ambalo kweli bado halijalipwa, kiwango chake kinazidi asilimia 40 kwa mwaka. Hakuna aljebra ngumu katika uchambuzi huu, lakini kuna swali ambalo elimu ya hisabati inapaswa kulifanya liwe mazoea, nalo ni: asilimia ya nini? Nchini Tanzania, ambako mikopo ya kausha damu, yaani ile yenye riba ya kuumiza, imekuwa msamiati wa kila siku, swali hilo lina uzito kuliko milinganyo mingi.

Mfano wa pili ni kipimo cha ugonjwa. Ikiwa watu 10,000 wanapimwa ugonjwa ambao 100 kati yao wanao, na kipimo kinagundua wagonjwa 90 katika kila 100 huku kikiwadhania kimakosa kuwa wagonjwa watu 5 katika kila 100 walio wazima, basi wagonjwa 90 watapata jibu la kuwa nao, lakini vilevile watu 495 wasio wagonjwa, ambao ni asilimia 5 ya 9,900. Kati ya majibu 585 yanayosema mtu anaumwa, ni 90 tu yaliyo ya kweli, yaani zaidi kidogo ya 15 katika kila 100. Mwanafunzi aliyefuata hesabu hii hadi mwisho anaelewa kwa nini daktari makini huagiza kipimo cha pili, na kwa nini uadimu wa ugonjwa hubadilisha maana ya jibu hata kama kipimo chenyewe ni kizuri.

Mfano wa tatu unahusu ugawaji, na unaonyesha kwamba hisabati hii si kitu kigeni kwa Waswahili. Kitabu cha al-Khwarizmi, kilichoandikwa Baghdad karibu na mwaka 820 na ambacho kichwa chake ndicho kilichotupatia neno aljebra, kina sehemu kubwa inayohusu wasia na mirathi, na mwandishi wake alieleza kwamba alikusudia kuwasaidia watu katika urithi, ugawaji, mashauri na biashara. Yaani aljebra ilipopewa jina, miongoni mwa walengwa wake walikuwamo makadhi na wafanyabiashara, si wanasayansi pekee. Chukua kisa kinachofahamika kwa wanafunzi wa elimu ya mirathi ya Kiislamu: mwanamke asiye na mtoto anafariki akiacha mume, ambaye fungu lake ni 1/2, na dada wawili wa baba na mama mmoja, ambao fungu lao la pamoja ni 2/3. Kigawe kidogo cha shirika ni 6, kwa hiyo mafungu yanakuwa 3/6 na 4/6, ambayo jumla yake ni 7/6, yaani zaidi ya mali yenyewe. Kanuni ya aul hulitatua tatizo kwa kuigeuza asili kutoka 6 kuwa 7, ili mume apate 3/7 na kila dada 2/7. Anayechunguza kwa nini suluhisho hili ni la haki atagundua kwamba kila mrithi amepata 6/7 ya fungu lake la awali, hivyo upungufu umebebwa na wote kwa uwiano mmoja.

Tatizo la aina hiyo lilijitokeza pia katika Bunge la Marekani, ambako viti hugawiwa majimbo kulingana na idadi ya watu. Kwa utaratibu uliotumika baada ya sensa ya mwaka 1880, kila jimbo lilipewa sehemu nzima ya haki yake, kisha viti vilivyobaki vikapewa majimbo yenye mabaki makubwa zaidi. Makokotoo yakaonyesha ajabu: Bunge likiwa na viti 299, Alabama ingepata viti 8, lakini likiwa na viti 300, ingepata 7. Sababu ni kwamba kiti kinapoongezwa, haki ya jimbo kubwa huongezeka haraka kuliko ya jimbo dogo, kwa hiyo mabaki ya Illinois na Texas yaliyapita ya Alabama. Mifano hii miwili ikiwekwa pamoja, mwanafunzi wa sheria au wa siasa huona kwamba haki ina umbo la kihisabati, na kwamba utaratibu unaoonekana kuwa wa kawaida kabisa unaweza kuzaa matokeo ambayo hakuna aliyeyakusudia.

Mfano wa mwisho ni saa. Mzungumzaji wa Kiswahili ambaye saa yake ya mkononi inaonyesha 8 asubuhi husema ni saa mbili, na inapoonyesha 3 alasiri husema ni saa tisa. Katika hali ya kwanza ametoa 6, na katika ya pili amejumlisha 6, bila kuona tofauti yoyote. Kwa nini kutoa na kujumlisha kunaleta jibu moja? Kwa sababu saa huzunguka kila baada ya 12, na 6 mbili zinatimiza mzunguko. Hesabu hii ya mizunguko, ambayo kila mtoto wa pwani na bara huifanya bila kufundishwa, ikipanuliwa kwa mzunguko uliojengwa kwa kuzidisha namba tasa mbili kubwa, yaani namba zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, hutoa msingi wa mfumo wa kuficha ujumbe uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, ambao umetumika sana kulinda mawasiliano ya intaneti. Umbali kati ya mazoea ya nyumbani na teknolojia hiyo si mkubwa kama unavyodhaniwa, na kozi nzuri humtembeza mwanafunzi katika umbali huo hatua kwa hatua.

Hofu na ufundishaji

Wanafunzi wengi huingia katika kozi hii wakiwa na hofu, na hofu hiyo haipaswi kuchukuliwa kuwa uvivu uliojificha. Kitabu cha Sheila Tobias cha mwaka 1978 kiliileta hofu ya hisabati katika mjadala wa umma, na utafiti wa Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk uliochapishwa mwaka 2001 ulionyesha jinsi inavyofanya kazi: wasiwasi huteka sehemu ya akili inayoshikilia mambo kwa muda mfupi wakati wa kufikiri, na nafasi inayobaki haitoshi kwa hesabu ndefu. Mwanafunzi mwenye hofu, kwa hiyo, huonekana kujua kidogo kuliko anavyojua kwa kweli, na mtihani wa haraka humpima woga pamoja na maarifa.

Uri Treisman, aliyewachunguza wanafunzi wa kalkulasi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika miaka ya 1970, aligundua kwamba wanafunzi weusi walioshindwa hawakukosa bidii wala msukumo wa familia. Kilichowatofautisha ni kwamba walisoma kila mmoja peke yake, ilhali wenzao wenye asili ya Kichina walijadili maswali kwa pamoja. Warsha alizoanzisha, ambazo ziliwapa maswali magumu ya kufanya kwa vikundi badala ya mazoezi mepesi ya kuwarudisha nyuma, zilileta mafanikio makubwa. Somo lake kwa kozi ya wasio wanasayansi ni kwamba kumheshimu mwanafunzi ni kumpa swali lenye uzito pamoja na watu wa kulijadili naye.

Katika Tanzania kuna jambo la kuongeza. Mwanafunzi wa shule ya msingi ya umma hujifunza asili, kiasi, kigawe na namba tasa kwa Kiswahili, kisha akifika sekondari maneno yote hayo hubadilika kwa mkupuo kuwa ya Kiingereza. Sehemu ya kinachoitwa udhaifu wa hisabati huenda ikawa ni upotevu wa maneno ya kuifikiria, na kozi yoyote inayowalenga watu wazima ingepata faida kwa kuyarudisha maneno hayo.

Hoja zinazopingana

Mwaka 2012 Andrew Hacker, profesa wa siasa, aliandika katika New York Times akihoji kama aljebra ni ya lazima, na mwaka 2016 akaipanua hoja yake kuwa kitabu. Alidai kwamba aljebra ya lazima huwakatisha masomo vijana wengi wenye vipaji vingine, na kwamba wangefaa zaidi kufundishwa takwimu za uraia. Ushahidi muhimu uliunga mkono sehemu ya dai hilo. Katika jaribio lililofanyika katika City University of New York na kuchapishwa mwaka 2016, wanafunzi 907 waliohesabiwa kuwa hawajaiva kwa hisabati ya chuo waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapelekwa katika aljebra ya kufidia, yaani kozi ya kurudia mada za sekondari isiyohesabiwa katika shahada, na wengine wakaingizwa moja kwa moja katika takwimu za ngazi ya chuo wakisaidiwa na warsha. Waliofaulu takwimu walikuwa takriban asilimia 56, ilhali katika aljebra ya kufidia isiyo na warsha walikuwa takriban asilimia 39. Mwaka 2017 California nayo ilitunga sheria iliyovitaka vyuo vyake vya jamii viache kuwarundika wanafunzi katika kozi za kufidia.

Hoja ya upande wa pili nayo ina uzito. Aljebra ni lugha ya kusema jambo la jumla: asiyeielewa ataweza kukokotoa mkopo wake mwenyewe, lakini hataweza kuonyesha kwamba kila mkopo wa aina hiyo una kasoro ileile. Tena, mtoto wa maskini akielekezwa mapema katika hisabati nyepesi, milango ya uhandisi, udaktari na uchumi hufungwa kabla hajajua kwamba ilikuwa wazi, na mgawanyo unaodaiwa kuwa wa vipaji ukawa kwa kweli mgawanyo wa kipato. Hatari hiyo ni kubwa zaidi pale ambapo uchaguzi hufanyika katika umri wa miaka 15 kuliko chuoni, na ndiyo maana hisabati muhimu ya sekondari nchini Kenya inapaswa kuwa na daraja la kumrudisha anayebadili nia.

Hata hivyo, hoja zote mbili zinakutana katika jambo moja. Kinachowaumiza wanafunzi wa Hacker si ugumu wa kufikiri bali ni zana zisizo na kazi, na kinachoogopwa na wapinzani wake si takwimu bali ni kushushwa kwa kiwango. Kozi ya mwisho iliyoandaliwa vizuri hujibu malalamiko yote mawili, kwani inadai uthibitisho, inadai maelezo ya maandishi na inadai mwanafunzi aone lile la jumla ndani ya mfano mmoja, kama ilivyo katika aul na katika saa, lakini kila zana inayoitoa inatumika palepale. Kozi ya namna hiyo ni ngumu kuifundisha kuliko aljebra ya marudio, na inastahili walimu bora wa idara, si wale tu waliokosa darasa lingine.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walijua kwamba namba si mali ya mafundi pekee, na kwamba anayeshindwa kuitunza hesabu yake humwachia mwingine madaraka juu yake. Mwanafunzi wa historia anayetoka katika mtihani wake wa mwisho wa hisabati hatatatua tena mlinganyo wa kipeo cha pili, lakini atatia saini mikataba ya mikopo, atapokea majibu ya vipimo, atagawa urithi wa wazazi wake na atapiga kura. Kozi iliyomwandaa kwa siku hizo, hata kama hakuna kozi nyingine inayoifuata, imekamilisha kazi yake.